Una mzio wa nikeli na unataka kufunga waya za meno: ulinganisho wa vifaa kwa mkazi wa Mwanza

Watu wengi hugundua kwamba miili yao haipatani na nikeli muda mrefu kabla hawajakaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Ndewe za masikio huwasha, huvimba na kutoa majimaji kila wanapovaa hereni za bei nafuu kutoka Makoroboi. Chini ya kitovu, pale kifungo cha suruali ya jinzi kinapogusa ngozi, hutokea baka jeusi na gumu lisilokoma kuwasha. Na mkono unaovaa saa huota vipele jasho linapozidi. Mtu huyo anapoambiwa kwamba meno yake yanahitaji kufungwa waya kwa mwaka mmoja na nusu, miwili au zaidi, ana kila sababu ya kuuliza: ikiwa kipande kidogo cha hereni kinanitesa kiasi hiki, itakuwaje kinywa kizima kikijaa chuma usiku na mchana?

Mzio wa nikeli haumnyimi mtu matibabu ya kupanga meno. Unachofanya ni kubadilisha hesabu ya kuchagua kifaa, na hesabu hiyo ina pande mbili ambazo haziwezi kutenganishwa. Upande mmoja ni kiasi cha nikeli ambacho kifaa kinaingiza kinywani. Upande wa pili ni uwezo wa mgonjwa kukifuata kifaa hicho hadi mwisho akiwa Buhongwa, Kisesa, Sengerema au Ukerewe, si akiwa kwenye picha ya tangazo. Familia zinazoangalia upande wa kwanza tu huishia kulipa fedha nyingi kwa kifaa kisicho na chuma kabisa, ambacho baada ya miezi michache kinawashinda. Nyingine huogopa na kuacha matibabu yote. Naamini wengi wao wangefika salama kwa kubadilisha sehemu moja tu ya kifaa cha kawaida.

Nikeli iko wapi hasa

Kile tunachokiita kwa ujumla waya za meno ni mkusanyiko wa vitu vingi: breketi ndogo zinazogundishwa kwenye kila jino, pete au mirija ya chuma kwenye magego, waya unaopita katikati ya breketi zote, na raba ndogo zinazoushikilia waya huo. Breketi za kawaida hutengenezwa kwa stenlesi, na aina inayotumika sana huwa na kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hivi. Nikeli hiyo imefungamana na metali nyingine ndani ya chuma, juu yake kuna utando mwembamba wa kromi unaokinga kutu, na kwa hiyo inayotoka kwenye mate ni kidogo sana. Ndiyo sababu watu wengi wenye mzio wa hereni hufungwa breketi za stenlesi na wasipate tatizo lolote.

Waya wa miezi ya mwanzo ni habari nyingine. Huo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na titani, na nikeli peke yake huchukua zaidi ya nusu ya uzito wake. Mchanganyiko huo ulibuniwa karibu na mwaka 1960 na William Buehler na wenzake katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, kisha George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa akauingiza kwenye upangaji wa meno mwanzoni mwa miaka ya 1970. Madaktari wanaupenda kwa sababu ya msingi kabisa: unakumbuka umbo lake. Ukipindwa ili kulifikia jino lililokaa nje ya mstari, hurudi polepole kwenye upinde wake wa awali na kulivuta jino hilo kwa nguvu ndogo isiyopungua upesi, wiki baada ya wiki, bila kuhitaji kubadilishwa mara kwa mara. Kwenye pakiti yake huandikwa NiTi, au CuNiTi ikiwa umeongezwa shaba.

Hapo ndipo penye ugumu wa uamuzi wote, hasa kwa watu wa kanda yetu. Waya unaomfaa zaidi mgonjwa anayeishi mbali na kliniki ndio huo huo wenye nikeli nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kifaa. Anayeuondoa hana budi kulipa kwa njia nyingine, ama kwa fedha, ama kwa safari.

Ni vizuri pia kujua kwamba kinywa hakifanani na ngozi. Mate huosha na kupunguza makali, na utando wa ndani ya kinywa huhitaji nikeli nyingi zaidi kuliko ngozi kabla haujaonyesha dalili. Tafiti zilizofanyika Ulaya zimeonyesha hata jambo ambalo wengi hawalitarajii, kwamba watoto waliofungwa waya kabla ya kutogwa masikio walipata mzio wa nikeli kwa kiwango kidogo kuliko waliotogwa kwanza, kana kwamba mwili ulizoea nikeli kwa kuipokea kidogo kidogo kupitia kinywani. Kwetu, ambako mtoto wa kike mara nyingi hutogwa akiwa bado mchanga, mpangilio huo ni nadra kuwezekana. Lakini mzazi anaweza angalau kumchagulia mtoto hereni za titani au dhahabu halisi badala ya zile zinazong'aa kwa wiki mbili na kuacha weusi sikioni.

Thibitisha kabla ya kuchagua

Kwa mtu mwenye historia ya wazi ya kuwashwa na vyuma, singeshauri atoe hata malipo ya awali ya kifaa kabla hajaonana na daktari wa ngozi. Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Daktari hubandika mgongoni viraka vidogo vyenye vitu vinavyoshukiwa, nikeli ikiwemo, vikiwa vimechanganywa kwenye mafuta mazito kama vaselini. Viraka hukaa kwa saa 48 bila kuloweshwa, kisha vinabanduliwa na ngozi inasomwa. Baada ya hapo inasomwa tena siku ya tatu au ya nne, kwa kuwa mzio wa aina hii huchelewa kujitokeza na usomaji mmoja unaweza kuukosa. Mgonjwa anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, apange kulala mjini wiki hiyo, au aahirishe kipimo mpaka atakapoweza, kwa sababu kipimo kilichosomwa mara moja humwacha na jibu lisiloaminika. Anayetumia vidonge vya steroidi amwambie daktari mapema, maana huweza kuficha matokeo. Mahali pa kuulizia kwa mkazi wa Mwanza ni madaktari wa ngozi katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, na kama italazimu kwenda mbali, Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992.

Aliyekwisha kufungwa waya na kuanza kushuku mzio ana kazi ya kutofautisha dalili, na hapa watu wengi hukosea. Maumivu ya siku za kwanza na vidonda mahali breketi inaposugua shavu ni vya kawaida, na nta ya kubandika juu ya breketi huvimaliza. Fizi zinazovimba na kutoka damu mara nyingi sana husababishwa na uchafu uliokwama kwenye waya, si nikeli. Zisafishwe kwa bidii kwa wiki mbili kabla ya kulaumu chuma. Kinachopaswa kumshtua mtu ni mchanganyiko wa mambo: kinywa kuwaka moto bila kidonda kinachoonekana, wekundu uliosambaa mahali waya unapogusa, kona za midomo kupasuka na kutopona, upele kuzunguka mdomo, au pumu ya ngozi iliyokuwa imetulia mikononi kuamka upya siku au wiki chache baada ya waya kuwekwa. Hata kona za midomo zilizopasuka zinaweza kutokana na fangasi au upungufu wa damu, kwa hiyo daktari aangalie yote.

Kuna dalili nyingine ambayo haipaswi kuchanganywa na hizi. Midomo au macho yakivimba ndani ya dakika chache, mwili ukajaa mabaka, au pumzi ikabana, hiyo si tabia ya nikeli. Mara nyingi chanzo huwa ni mpira wa asili, unaotumika kwenye glavu za daktari na kwenye raba zile kubwa zinazovutwa kati ya taya ya juu na ya chini. Toa raba kinywani na uende hospitali iliyo karibu wakati huo huo. Raba na glavu zisizo na mpira wa asili zipo, na kliniki ikijulishwa mapema inaweza kuziagiza.

Stenlesi yenye waya uliobadilishwa, na titani

Nazilinganisha hizi mbili pamoja kwa sababu zinafanya kazi kwa namna ile ile na mgonjwa anazitunza kwa namna ile ile. Tofauti iko kwenye nikeli, bei na upatikanaji.

Katika njia ya kwanza daktari hutumia breketi za stenlesi za kawaida lakini huacha kabisa waya wa NiTi. Badala yake anaweza kuanza na waya wa stenlesi uliosokotwa kwa nyuzi nyembamba kadhaa, ambao ni laini kuliko waya mmoja mnene na una nikeli kidogo mno ukilinganishwa na NiTi. Ni wa bei nafuu na hauhitaji kuagizwa kwa utaratibu wa pekee. Kasoro yake ni kwamba nguvu yake huisha upesi, na ukipindwa kupita kiasi haurudi. Mgonjwa aliyezoea kusikia kwamba mwenzake huenda kliniki kila baada ya wiki nane ataambiwa arudi baada ya wiki nne, na akichelewa, meno husimama pale pale yalipo. Baadaye, meno yakishajipanga kwenye mstari, waya wa stenlesi mnene au wa titani huchukua nafasi na mwendo unakuwa wa kawaida.

Waya wa titani usio na nikeli, unaoandikwa TMA kwenye pakiti nyingi, uliletwa kwenye fani hii mwaka 1980 na Charles Burstone na mwenzake Jon Goldberg wa Chuo Kikuu cha Connecticut. Sehemu kubwa yake, asilimia 78 hivi, ni titani, na iliyobaki ni molibdeni, zirkoni na bati. Ukakamavu wake ni takriban theluthi moja ya ule wa stenlesi, kwa hiyo unasukuma meno kwa upole zaidi na kwa muda mrefu zaidi, ingawa haufikii ulaini wa NiTi katika meno yaliyopinda sana. Kwangu mimi huu ndio ubadilishaji wenye faida kubwa kuliko yote kwa gharama inayoongezeka, kwa kuwa unamwondolea mgonjwa sehemu kubwa ya nikeli bila kumbadilishia breketi.

Breketi za titani huenda hatua moja mbele na kuondoa hata ile nikeli ya stenlesi. Anayezihitaji kweli ni mtu ambaye kipimo kimeonyesha mzio mkali na ambaye tayari kinywa chake kimewahi kudhurika, kwa mfano kwa meno ya bandia yenye chuma au kwa waya za awali. Zina rangi ya kijivu iliyofifia kuliko stenlesi, uso wake ni wa kukwaruza zaidi kidogo na hushika uchafu, na jeli kali za floraidi zenye asidi huweza kuzila. Dawa ya meno ya kawaida haina shida. Tatizo kubwa kwa mkazi wa Mwanza ni akiba. Breketi ya stenlesi ikidondoka Jumatatu, kliniki yoyote ya kupanga meno ina nyingine kabatini. Ya titani ikidondoka na hakuna nyingine, jino lile litakaa bila kuongozwa mpaka mzigo ufike, na wakati mwingine daktari hulazimika kubandika ya stenlesi kwa muda, jambo linalovuruga maana ya kuchagua titani. Kabla ya kuanza, omba kliniki iagize za akiba pamoja na mirija ya magego, na hakikisha zimeshafika ndipo ufungwe.

Katika njia zote mbili, jambo linalosaidia kuliko watu wanavyodhani ni kupunguza asidi. Nikeli hutoka zaidi kwenye chuma mate yanapokuwa na asidi, na juisi ya ukwaju, ubuyu, ndimu na soda zinazonywewa kidogo kidogo mchana kutwa hukifanya kinywa kuwa hivyo kwa saa nyingi. Si lazima uache. Kunywa pamoja na chakula, kisha sukutua kwa maji.

Breketi za kauri

Kauri inayotumika hapa hutengenezwa kwa alumini iliyoungana na oksijeni, nyeupe au angavu, na haina nikeli yoyote. Mtu mzima anayefanya kazi ya kukutana na watu, kwenye kaunta ya benki au mbele ya darasa, huvutiwa nayo kwanza kwa sura. Sina ubishi na hilo. Lakini mtu mwenye mzio anayeilipia kwa sababu ya afya anapaswa kuuliza maswali mawili ambayo kliniki haiyasemi yenyewe.

La kwanza ni waya. Nimeona mara nyingi watu wakiamini kwamba wamekwepa nikeli kwa kuwa breketi ni nyeupe, ilhali ndani ya breketi hizo unapita waya wa NiTi. Wakati mwingine waya huo umepakwa rangi nyeupe ili ufanane na meno, na rangi hiyo hubanduka kwa kupiga mswaki na kutafuna hadi chuma kikabaki wazi. La pili ni mfereji wa breketi yenyewe: baadhi ya breketi za kauri zimetiwa kijifereji cha chuma katikati ili waya uteleze, na chuma hicho kinaweza kuwa stenlesi. Omba kuiona breketi kabla haijagundishwa. Ukiitazama kwa karibu chini ya taa ya kiti cha daktari utauona mstari wa kijivu unaong'aa katikati yake, au hutauona.

Kauri ni ngumu kuliko enameli ya jino. Ikiwekwa chini, na meno ya juu yakawa yanaigonga wakati wa kufunga mdomo, itayasaga, na ndiyo maana madaktari wengi huiweka juu tu. Basi swali la meno ya chini linabaki palepale, na linarudisha uchaguzi kati ya stenlesi na titani. Pamoja na ugumu wake, kauri huvunjika kama chombo cha udongo: haipindi, inakatika. Kwa watu wa kanda hii nataja wazi vyakula vya kuepuka: michembe na matobolwa yaliyokauka sana (viazi vitamu vilivyokaushwa), muwa, mahindi ya kuchoma kwenye gunzi na mifupa ya sato wa kukaanga. Raba angavu zinazoshikilia waya hugeuka njano kwa manjano ya mchuzi na pilau ndani ya siku chache, na hakuna dawa ya meno inayozirudisha. Husubiri kubadilishwa kliniki.

Kuna jambo la kwetu ambalo maelezo ya watengenezaji hayaligusi. Baadhi ya watu waliokulia kwenye maji ya visima vyenye floraidi nyingi, hasa sehemu za Shinyanga na wilaya zilizo mbali na ziwa, au katika nyumba zilizozoea kupikia magadi, wana meno yenye madoa ya kahawia. Enameli ya namna hiyo haishiki gundi vizuri kama enameli ya kawaida, breketi hudondoka mara nyingi zaidi, na wakati wa kuzitoa, kauri iliyoshikilia sana inaweza kung'oa kipande cha enameli dhaifu. Mwenye meno hayo ningemshauri asichague kauri mpaka daktari amemweleza namna atakavyoandaa jino kabla ya kugundisha na namna atakavyoitoa mwishoni. Aliyekulia kwenye maji ya bomba yanayotoka ziwani kwa kawaida hana tatizo hili.

Trei angavu za plastiki

Hapa hakuna breketi wala waya. Meno hupigwa picha ya kidijitali au huchukuliwa chapa, kisha hutengenezwa mfululizo wa trei nyembamba za plastiki, kila moja ikisukuma meno kidogo kuelekea mahali pake. Kampuni ya Marekani ya Align Technology, iliyoanzishwa mwaka 1997, ndiyo iliyoieneza njia hii kwa jina la Invisalign, na sasa zipo nyingine nyingi. Kwa upande wa nikeli njia hii haina mpinzani. Kumbuka tu kwamba kukosa chuma si kukosa kila kisababishi cha mzio: vinundu vidogo vinavyobandikwa kwenye meno ili trei ishike hutengenezwa kwa utomvu ule ule wa kuzibia meno, na wapo watu wachache ambao miili yao haipatani na utomvu huo wala na plastiki. Anayewashwa na gundi ya kucha za bandia amtajie daktari.

Ugumu wake uko kwingine kabisa. Trei zinatakiwa kukaa kinywani saa 20 hadi 22 kila siku, hutolewa wakati wa kula na kunywa chochote isipokuwa maji, na meno hupigwa mswaki kabla ya kuzirudisha. Fikiria siku ya mfanyabiashara wa dagaa pale Kirumba anayekunywa chai alfajiri, anayepata chapati saa nne, ugali saa nane na soda jioni akiwa na wateja. Kila mara atoe, asafishe, arudishe. Akizifunga kwenye leso na kuziacha mezani, zimepotea. Chai ya moto hukunja plastiki. Trei iliyopotea huagizwa upya, mara nyingi kutoka nje ya nchi, na katika kusubiri huko meno hurudi nyuma hadi trei inayofuata isiingie. Kwa mtoto wa shule ya bweni sishauri kabisa, isipokuwa awe wa pekee katika kujisimamia.

Kwa mtu mzima mwenye ratiba thabiti, ambaye meno yake yamesongamana kidogo au yana nafasi ndogo, trei zina faida moja ambayo watu wa visiwani wanapaswa kuipima: akipewa seti kadhaa kwa pamoja, anaweza kubadilisha mwenyewe nyumbani na kufika kliniki baada ya miezi miwili au zaidi. Meno yaliyopinda sana, taya zisizolingana, au hali inayohitaji kung'oa meno na kufunga mapengo makubwa, hushughulikiwa vizuri zaidi kwa breketi mikononi mwa madaktari wengi.

Kuhusu seti zinazouzwa mtandaoni bila kuonana na daktari, na zile breketi za fasheni zinazobandikwa kwa urembo tu, sina maneno mengi. Chuma chake hakijulikani, gundi yake haijulikani, na mwenye mzio ndiye wa mwisho anayepaswa kuzigusa.

Namna ningeamua

Mwenye mzio wa ngozi uliothibitishwa, ambaye kinywa chake hakijawahi kudhurika, ningemwelekeza kwenye breketi za stenlesi na waya za titani zisizo na nikeli, akae chini ya uangalizi kwa wiki sita za mwanzo. Anayeishi mjini Mwanza, ndani ya Nyamagana au Ilemela, na asiye na fedha za ziada, waya wa stenlesi uliosokotwa utamfikisha, mradi ahudhurie kila wiki nne bila kukosa. Anayevuka kutoka Ukerewe, ambaye hali ya ziwa na ratiba ya meli huamua siku yake, asichague waya huo. Bora aongeze fedha apate TMA tangu mwanzo. Wa Sengerema na Geita wana nafuu zaidi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, na safari ya kila mwezi si mzigo kama ilivyokuwa wakati wa kivuko. Titani kamili ni kwa mwenye mzio mkali. Kauri ni kwa meno ya juu ya mtu mzima mwenye enameli imara. Trei ni kwa mwenye meno yasiyo na shida kubwa na nidhamu isiyoyumba.

Madaktari bingwa wa kupanga meno ni wachache nchini na wengi wako Dar es Salaam, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama bingwa anakaa Mwanza au huja kwa siku maalumu, na nani atakayekuhudumia waya ukichomoka katikati ya mwezi. Uliza pia kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Daktari mzuri hachukizwi na swali hilo.

Kwa aliyekwisha kufungwa na mzio ukajitokeza katikati ya safari, asikimbilie kutaka vyote vitolewe. Waya wa NiTi unaweza kutolewa kwa dakika chache na kuwekwa wa titani huku breketi zikibaki, na katika wiki zinazofuata dalili zenyewe zitaonyesha kama hilo limetosha. Zikiendelea, ndipo pete za magego na breketi zifuatwe. Kung'oa kila kitu kwa hofu huwarudisha wengi mwanzo, meno yakiwa yamelegea kwenye mifupa na hayana cha kuyashikilia.

Jambo ambalo husahaulika karibu kila mara ni ritena, kifaa kinachoyazuia meno yasirudi baada ya kazi kwisha. Ile inayogundishwa nyuma ya meno ya mbele mara nyingi ni waya wa stenlesi uliosokotwa, na hukaa miaka mingi kuliko breketi zenyewe zilivyokaa. Mtu aliyekwepa nikeli kwa miaka miwili hana sababu ya kuipokea tena mwishoni bila kuulizwa: ipo ritena ya plastiki angavu inayovaliwa usiku, ipo ya nyuzi zilizounganishwa kwa utomvu, na zipo waya za titani. Mwombe daktari aandike kwenye kadi yako aina ya ritena, breketi, waya na gundi ulizowekewa, pamoja na majibu ya kipimo cha ngozi, ili ukihamia Dodoma au Dar es Salaam kwa masomo au kazi, daktari atakayekupokea asianze kwa kukufunga NiTi.